Pointi sita, ushahidi sifuri

"Sababu ya tatu ni kilimo cha pamba. Wajerumani waliwalazimisha Waafrika kulima pamba bila kuwalipa vizuri. Jambo hili liliwaudhi sana Waafrika, na ndiyo maana wakapigana Vita vya Maji Maji."

Aya hii nimeitunga mwenyewe, lakini mwalimu yeyote wa historia nchini Tanzania ataitambua mara moja. Haina uongo ndani yake, na sarufi yake ni safi. Msahihishaji akikutana nayo ataweka alama pembeni, atasogea kwenye sababu ya nne, ya tano na ya sita, na mwisho atakuta ile sentensi inayoanza na "Kwa ujumla" ikimsindikiza hadi mlangoni. Mtahiniwa amefaulu swali. Kuhusu Maji Maji, uasi wa 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Kijerumani, hajasema kitu.

Anayeona nimetia chumvi afanye jaribio dogo. Afute "pamba" aandike "mpira", afute "Wajerumani" aandike "Wabelgiji", na pale penye jina la vita aweke upinzani wowote wa watu wa Kongo enzi za Mfalme Leopold. Aya itasimama vilevile. Arudi tena, aweke "ng'ombe" na "Waherero", bado itasimama. Haina mahali, haina mwaka, haina mtu hata mmoja mwenye jina. "Waafrika" waliomo humo wangeweza kuwa popote barani, na hasira yao tunaambiwa tu kwamba ilikuwepo.

Kwa kawaida lawama hupelekwa kwenye Kiingereza. Taarifa ambazo Baraza la Mitihani huzitoa kuchambua majibu ya watahiniwa wa kidato cha nne hurudia sababu zilezile: kutoelewa matakwa ya swali, maarifa haba ya mada, na udhaifu wa lugha ya Kiingereza. Sina ugomvi na orodha hiyo. Mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha akaambiwa aeleze uchumi wa kikoloni kwa lugha ambayo anaisikia darasani tu, hukimbilia sentensi alizokariri kwa sababu ndizo pekee zisizomsaliti. Lakini aya niliyoitunga hapo juu ni ya Kiswahili, na ugonjwa umo. Tukihamisha somo zima kwenda Kiswahili kesho asubuhi, tutapata pointi sita za Kiswahili fasaha.

Ninavyoona mimi, tunafundisha insha kabla ya kufundisha aya. Mwanafunzi anaingia kidato cha tatu akijua kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na kwamba kiini kina pointi sita. Hiyo ni ramani ya chumba. Namna ya kujenga ukuta mmoja, yaani kuchukua dai moja, kulitafutia ushahidi, kuonyesha kwa nini ushahidi huo unalibeba dai hilo, na kusema dai linakomea wapi, huyo mwanafunzi hajawahi kuonyeshwa ubaoni hata mara moja. Tunachukulia kwamba itakuja yenyewe akisoma sana. Haiji. Anachosoma sana ni madesa, yaani muhtasari wa kukariri, na madesa yameandikwa kwa pointi.

Mtihani nao unachangia, ingawa sitaki kuutupia kila kitu. "Eleza sababu sita" ni agizo la hesabu kabla ya kuwa agizo la historia. Mtahiniwa anagawa alama kwa sita, anapata thamani ya kila pointi, kisha anaandika sentensi tatu kwa kila moja kwa kuwa sentensi ya nne haina mnunuzi. Wakenya wanaijua biashara hiyo: karatasi ya historia ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, nayo huomba mambo sita yaelezwe na kuyalipia kwa utaratibu wa namna hiyo. Namwelewa anayetunga mitihani hii. Anajua vijitabu vya majibu vitasahihishwa na walimu wengi sana kwa siku chache, na kuhesabu pointi ndiyo njia nyepesi ya kuhakikisha mtoto wa Kigoma na mtoto wa Mtwara wanapimwa kwa kipimo kimoja. Haki hiyo ina gharama, na gharama yenyewe ni kwamba sababu zote zinakuwa na uzito sawa. Kodi ya kibanda, pamba, ukatili wa maakida (mawakala wa utawala wa Kijerumani), kuporwa madaraka kwa watawala wa jadi, vyote vinapangwa foleni, kila kimoja na alama zake. Hakuna anayeulizwa kipi kilikuwa na nguvu zaidi, wapi, na tunajuaje.

Tuirudishe pamba mahali pake, tuone aya ingeweza kubeba nini.

Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika maeneo ya pwani na kusini mashariki. Kila eneo lilitenga shamba, watu wakapangiwa siku za kulifanyia kazi, na wasimamizi wakawa majumbe na maakida. Siku hizo ziliibwa kwenye msimu uleule ambao familia zilihitaji kupalilia mashamba yao ya chakula. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba baadhi ya watu walikataa kuyapokea. Kisha, Julai 1905, kwenye vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu wa Nandete walitangaza uasi. Hawakuanza kwa kuchoma nyumba ya akida wala kuvamia boma. Waliingia shambani wakang'oa pamba.

Hapo mwanafunzi ana kitu mkononi. Mtu anayeanzisha vita huchagua tendo la kwanza, na tendo hilo linatueleza alichokuwa akikilenga. Hahitaji tena kuandika kwamba pamba "iliwaudhi sana" Wamatumbi, kwa sababu pamba iliyolala chini imeshasema. Lakini akiwa mkweli atakutana na tatizo papo hapo: Wangoni. Mashamba yale ya pamoja hayakuwa mzigo mkubwa Ungoni kama yalivyokuwa Umatumbi, na bado Wangoni waliingia vitani baadaye mwaka huohuo, wakapigana na kulipa vibaya. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wao wengi kwa siku moja pale Songea, na ndiyo siku inayokumbukwa huko kila mwaka. Kama pamba ndiyo sababu, Songea inafanya nini kwenye hadithi hii?

Aya ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye uwezo wa kawaida anaweza kufundishwa kuiandika ni kama hii:

"Kilimo cha pamba cha kulazimishwa ndicho kilichowasha vita katika Umatumbi, ingawa hakitoshi kueleza kwa nini vita vilienea hadi Ungoni. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya von Götzen ilianzisha mashamba ya pamoja ambamo wanavijiji walifanyishwa kazi chini ya majumbe na maakida kwa malipo duni. Watu wa Nandete walipoasi Julai 1905, tendo lao la kwanza lilikuwa kung'oa pamba. Kwamba walianza na mmea kabla ya boma kunaonyesha kuwa pamba ilikuwa sura ya utawala wa Kijerumani waliyokutana nayo kila siku. Wangoni, ambao hawakubanwa na mashamba hayo kwa kiasi hicho, nao walipigana, kwa hiyo kwao tunapaswa kutafuta sababu nyingine, mojawapo ikiwa kupunguzwa kwa madaraka ya watawala wao."

Sentensi tano. Ya kwanza inadai na kujiwekea mpaka. Ya pili na ya tatu zinaleta ushahidi wenye mwaka na mahali. Ya tano inakubali kwamba dunia ni pana kuliko dai. Zote hizo mwalimu anaweza kuzidai na mwanafunzi akazitoa baada ya wiki chache za mazoezi. Kazi iko kwenye ya nne. Ndiyo inayofanya ushahidi uwe ushahidi wa jambo fulani. Ukiifuta, inabaki taarifa ya mashamba na taarifa ya uasi zimekaa jirani bila kusalimiana, na msomaji anaachiwa aunganishe mwenyewe. Wanafunzi wetu wengi, hata wale wanaojua tarehe nyingi, huishia sentensi ya tatu. Walimu tunaipenda sentensi ya tatu kwa sababu inaonyesha mtoto amesoma.

Walimu wa Uingereza wana kanuni maarufu ya kushughulikia jambo hili, inayojulikana kwa herufi PEEL: hoja, ushahidi, maelezo, kisha kiungo cha kurudi kwenye swali. Imeenea sana, na hata huku kwetu utaikuta katika shule zinazofuata mitaala ya nje. Faida yake siibezi, maana mtoto asiyejua aanzie wapi anapata pa kushika. Hata hivyo mara nyingi huzaa kasumba mpya. Mwanafunzi anatangulia na hoja aliyopewa na mwalimu, anapekua daftari kutafuta kitu chochote cha kuweka kwenye nafasi ya ushahidi, anaandika "hii inaonyesha kwamba" na kurudia hoja ileile kwa maneno mengine. Nafasi zote nne zimejazwa, na hakuna alipofikiri. Ushahidi umeletwa kama pambo baada ya hukumu kutolewa. Ukiiagiza kanuni hii ije kwenye utamaduni wa pointi sita bila kubadilisha kingine, utapata pointi sita zenye herufi nne nne.

Ndiyo maana napendelea kuanza upande wa pili. Mwanafunzi apewe ushahidi kwanza, hoja aitafute mwenyewe. Mfano ambao haujawahi kuchacha ni wa Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu dawa ya maji iliyoaminiwa kuwakinga na risasi. Mwulize mwanafunzi yeyote nani aliongoza Maji Maji, atakujibu Kinjikitile, na wengi wataandika bila wasiwasi kwamba aliongoza vita kuanzia 1905 hadi 1907. Usimsahihishe. Andika ubaoni tarehe chache tu. Julai 1905, pamba inang'olewa Nandete. Tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile wa Ngarambe ananyongwa na Wajerumani pale Mohoro. Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji wanaishambulia boma ya Mahenge. Februari 1906, watu wananyongwa Songea. Mwaka 1907, vita vinazimika kabisa.

Kisha nyamaza. Baada ya dakika chache kuna mtu atasema kwamba mbona kiongozi amekufa mwanzoni. Ndiyo, amekufa vita vikiwa na wiki chache tu, na eneo kubwa la vita liliingia baada ya kifo chake. Sasa darasa linahitaji hoja itakayobeba tarehe hizo. Wengine watasema dawa ya maji ilikuwa imeshasambaa, na kweli wajumbe walioitwa hongo walikuwa wakiipeleka kutoka eneo hadi eneo, kwa hiyo vita havikumtegemea mtu mmoja. Wengine watasema kila jamii ilikuwa na amiri wake na kero zake, na maji yaliwapa lugha moja tu ya kuzisemea. Hoja hizi mbili hazifanani. Mwanafunzi akichagua mojawapo na kuitetea kwa tarehe zilezile, amefanya kazi ya mwanahistoria, na aya itakayotoka haiwezi kuhamishiwa Kongo.

Mahenge peke yake inastahili aya yake. Boma ilikuwa na askari wapatao sitini, wenyeji mia kadhaa waliokuwa upande wa Wajerumani, na bunduki za rashasha mbili. Watu waliambiwa risasi zitageuka maji. Katika insha za wanafunzi wetu, maji huonekana mara mbili: kwenye sababu za umoja yakisifiwa, kisha kwenye sababu za kushindwa yakilaumiwa, na mwandishi haoni kwamba anazungumzia maji yaleyale. Mwulize: kama imani ilivunjika Mahenge mwishoni mwa Agosti, kwa nini watu waliendelea kujiunga? Sentensi mbili za kujibu swali hilo zina thamani kuliko pointi nzima ya "imani potofu".

Kuna eneo jingine ambako tunawaharibu watoto bila kukusudia, nalo ni takwimu. Tumewafundisha kwamba namba ni ushahidi, hivyo wanazimwaga. Wafu wa Maji Maji ni mfano mzuri wa namba inayohitaji mwenyewe. Serikali ya Kijerumani ilikadiria Waafrika 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekwenda vijijini kuwahoji wazee, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mwanafunzi anachagua mojawapo, mara nyingi ile kubwa, na kuiandika kama vile ilihesabiwa makaburini. Tofauti kati ya makadirio hayo ndiyo historia yenyewe. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikafuata, na watu wengi zaidi wakafa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Ukianza kuuliza nani anahesabiwa kuwa amekufa vitani, na nani alikuwa na sababu ya kuitaka namba iwe ndogo, aya inajiandika. Namba isiyo na mwenyewe ningeinyima alama, hata ikiwa sahihi.

Hii inatupeleka kwenye vyanzo. Mwaka 1991 mtafiti wa Marekani Sam Wineburg alichapisha matokeo ya kuwapa wanahistoria wanane na wanafunzi wanane wa sekondari hati zilezile kuhusu mapigano ya Lexington ya mwaka 1775, yaliyofungua vita vya uhuru wa Marekani. Wanahistoria waliangalia kwanza nani kaandika, lini, na kwa ajili ya nani, ndipo wakaisoma hati. Wanafunzi walianza mstari wa juu wakateremka hadi wa chini, kila hati kama ukurasa wa kitabu cha kiada. Hao walikuwa vijana wa Marekani waliofanya vizuri shuleni, kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa uswahilini.

Kwa Maji Maji tunavyo vyanzo vya kutosha kufundishia mazoea hayo, na havihitaji maktaba. Von Götzen mwenyewe alichapisha kitabu kuhusu uasi huo mwaka 1909. Gavana aliyeondoka koloni likiwa limeungua ana sababu zote za kuwataja waganga na ushirikina kwa sauti kubwa na pamba kwa sauti ndogo, maana pamba ilikuwa yake. Tuna utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ulioandikwa na mtu wa pwani aliyeishi zama hizo, na hapo kuna swali jingine: mtu wa mji wa pwani aliwatazama vipi watu wa bara waliokuwa wakiteremka na mikuki? Na tuna simulizi zilizokusanywa mwaka 1968, pale wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotumwa vijijini kuwahoji wazee. Hizo tunazipenda, na ni haki, kwa sababu zimewapa sauti watu ambao hati za Kijerumani ziliwaita wahuni. Lakini zilikusanywa zaidi ya miaka sitini baada ya vita, katika nchi iliyokuwa na Azimio la Arusha la mwaka uliotangulia na hamu kubwa ya kupata babu mmoja wa taifa. Mzee aliyehojiwa wakati huo aliisikia redio. Kusema hivyo si kumvunjia mzee heshima. Ni kumpa adabu ileile ya maswali tunayompa gavana.

Sentensi moja tu inatosha kuliweka hili kwenye aya: "Von Götzen, ambaye sera yake ya pamba ndiyo iliyokuwa ikishutumiwa, aliwalaumu zaidi waganga." Kirejeshi hicho cha katikati ndicho kinachoonyesha mtoto amejifunza.

Najua mwalimu anayesoma hapa ameshaanza kutabasamu. Ana darasa la wanafunzi 80, vipindi vya dakika 40, silabasi isiyoisha, na mkuu wa shule anayehesabu daraja la kwanza. Atasahihisha lini aya 80 za sentensi tano? Jibu langu ni kwamba asisahihishe zote tano. Wiki hii asome sentensi ya nne peke yake kwenye kila daftari. Wiki ijayo asome ya kwanza. Mtu anayesoma sentensi moja kwa makini anamsaidia mwanafunzi kuliko anayepitisha vema nyekundu kurasa tatu. Vilevile asitoe insha hadi katikati ya muhula. Aya tu, moja kwa wiki, na nzuri mbili zisomwe kwa sauti mbele ya darasa bila kutaja mwandishi, wenzake waseme wapi ushahidi umebeba dai na wapi umelala njiani. Watoto wana jicho kali kwa kazi za wenzao, kali kuliko letu.

Zoezi jingine halina gharama hata ya shilingi. Christine Counsell, mwalimu wa Uingereza aliyeandika kuhusu uandishi wa historia mwaka 1997, alikuwa akiwapa wanafunzi vikaratasi vyenye taarifa moja moja ili watenganishe pointi kubwa na pointi ndogo kabla ya kuandika. Nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani panatosha. Andika taarifa ishirini za Maji Maji, kata, gawa kwa vikundi. "Kodi ya kibanda rupia tatu" ni pointi kubwa au ndogo? Ni ndogo, inaishi chini ya kubwa iitwayo gharama za utawala zilizobebeshwa wenyeji. Watabishana, na mabishano yenyewe ndiyo rasimu ya kwanza. Humo ndimo wanagundua kwamba pointi sita walizokariri ni mbili zenye watoto wanne.

Je, mtihani hautawaadhibu? Sioni kwa nini. Mwongozo wa usahihishaji unaoomba pointi iliyoelezwa hauna sababu ya kuikataa pointi iliyothibitishwa. Kinachobadilika ni muda: mwanafunzi aliyezoea aya hizi anaandika polepole mwanzoni, na lazima afundishwe kuzifupisha ili sita zienee kwenye dakika alizonazo. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne ningesema aya mbili kamili za sentensi tano na nne fupi zenye angalau jina, mahali au mwaka. Kwa wa kidato cha sita, ambaye swali lake mara nyingi humtaka ajadili au atathmini, hakuna pa kujificha. Huyo anapaswa kuchagua na kupima, na aliyefika huko bila kuijua sentensi ya nne anateseka wazi.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine. Tangu mwaka 2024 mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, la lazima, linalofundishwa kwa Kiswahili. Nililipokea kwa furaha ya kweli kwa sababu ya lugha. Hatimaye mtoto wa Kilwa anaweza kuandika habari za Umatumbi kwa lugha anayoifikiria, na kisingizio cha Kiingereza kimeondoka mezani. Lakini kuoanisha historia na maadili ndani ya somo moja kunaweza kumpa mwalimu majibu kabla ya ushahidi. Maadili yanataka mashujaa na umoja. Maji Maji yamekuwa kwenye orodha hiyo tangu Uhuru, na aya inayotarajiwa inajulikana: makabila yaliungana dhidi ya mkoloni, tujifunze mshikamano. Ni kweli kwamba kuungana kwa Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine chini ya imani moja lilikuwa jambo ambalo utawala wa Kijerumani haukuwahi kuliona. Ni kweli pia kwamba Wahehe, ambao vita vyao na Wajerumani vilikuwa vimekwisha na kifo cha Mkwawa mwaka 1898, kwa sehemu kubwa hawakujiunga. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alisimama na Wajerumani, na watu wake walikuwemo miongoni mwa waliotetea boma ya Mahenge. Askari waliofyatua risasi upande ule walikuwa Waafrika.

Mwanafunzi wa somo hili jipya aulizwe hivi: "Andika aya moja kueleza kwa nini Kiwanga alipigana upande wa Wajerumani." Asiambiwe kwanza kwamba alikuwa msaliti, wala kwamba alikuwa na busara. Apewe jirani zake, maadui zake wa zamani, nguvu ya boma iliyokuwa karibu naye, na tarehe. Mwongozo wa usahihishaji wa swali hilo itabidi ukubali majibu mawili yanayopingana yapate alama sawa, mradi kila moja limeleta ushahidi wake. Siku nitakapouona mwongozo wa namna hiyo ukitoka kwenye ofisi ya serikali, nitaamini kwamba neno la kwanza katika jina la somo bado ni Historia.